Vidonge vya Mke Mwenzangu

Zaina mwanangu,

Wakikuuliza huko chuo cha uuguzi mama yako ni nani, waambie ni mwanamke mwenye bahati kuliko wote kuanzia Handeni hadi Korogwe, na ukipenda waongezee na Tanga. Mimi niliolewa, nikaletewa mke mwenza, huu ni mwaka wa kumi na moja nakaa naye, na moyo wangu haujui wivu unafananaje. Tumbo langu nalo Mungu aliliumba kwa chuma cha reli. Nimekula samaki wa Tanga waliolala siku tatu, nimekunywa maji ya dimbwi, nimekula mkate uliokauka pale stesheni ya Mnyuzi enzi zile nawauzia abiria machungwa na mayai madirishani, na sikuumwa hata siku moja. Wanawake wengine huzaliwa na uzuri. Mimi nilizaliwa na bahati, uzuri wakaniongezea.

Mwandiko wangu usiucheke. Darasa la pili nililiacha katikati, na hii elimu ya watu wazima, ngumbaro, tumesoma jioni baada ya jembe, macho yamejaa vumbi. Lakini treni imenifundisha mengi. Nimefika Moshi, nimefika Mombasa, nimeona sinema ambayo mtu alikufa kisha akarudi kuimba.

Sitakuandikia habari za kufua sare wala za kujihadhari na wanaume. Hayo bibi yako amekwisha kukujaza huko Mkumbara ulikokwenda leo kumuaga. Naandika alasiri hii kwa sababu nyumba ina nafasi. Baba yako yuko shamba la kijiji, na Rukia yuko jikoni kwake, leo ni zamu yake kupika. Nasikia kinu chake kutoka hapa.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya mambo mawili niliyoyaona. Jana Rukia alikuletea maandazi ya safari ndani ya kikapu alichosuka mwenyewe. Ukayapokea kwa mkono mmoja, ukazunguka nyuma ya nyumba, ukawamwagia kuku. Hukugeuka. Ungegeuka ungemwona amesimama mlangoni kwake. Na leo asubuhi nimekusikia ukimwambia baba yako kwamba kesho utaniaga mimi na yeye tu, yule mwingine humuagi. Baba yako akakuuliza kwa nini. Ukamjibu, "Yule alitaka kumuua mama."

Baba yako akanyamaza. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nachambua mboga, nami nikanyamaza. Kunyamaza huko kuna miaka minane sasa, Zaina, na sitaki ukubebe ukaenda nako chuoni kama sanduku la pili.

Ulikuwa na miaka kumi hivi. Ndio kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, kuta za nyumba zetu bado zinanuka udongo mbichi. Baba yako unamjua kwa haki yake. Akininunulia mimi doti ya kanga, na Rukia doti. Nyama ikija, mafungu mawili, hata mfupa aliutazama mara mbili kabla ya kuuweka. Sukari aliipima kwa kikopo, akakipangusa juu kwa kidole ili kisizidi hata punje. Watu walimsifu msikitini. Mimi nilimsimamia kama karani wa mizani. Kikopo cha mwenzangu kikiwa na kilima kidogo juu, nilikiona kutoka uani.

Mwaka huo Rukia akaanza kuumwa viungo. Yeye unajua alikulia kwenye mashamba ya mkonge, baba yake alikuja kukata mkonge kutoka mbali, naye tangu mtoto mikono yake haikupumzika. Vidole vilivimba kama ndizi mzuzu. Asubuhi alikuwa hawezi kushika kata ya maji mpaka jua lipande. Watu wakasema ni baridi. Mganga wa zahanati akasema ni baridi yabisi, akamwandikia karatasi ya kwenda hospitali Korogwe. Baba yako akampeleka kwa lori, wakalala huko siku mbili kwa ndugu.

Siku mbili, Zaina. Ya pili ilikuwa zamu yangu.

Wakarudi. Rukia amebeba mkate, na mkononi ana bahasha ndogo ya kaki. Juu yake limeandikwa jina lake, na chini yake moja mara tatu, baada ya chakula. Ndani vidonge vya rangi mbili, nusu njano nusu kahawia, vinang'aa kama shanga. Mimi zahanati nilikuwa napewa aspirini nyeupe, nyeupe kama chaki. Nilivitazama vile vya rangi nikahisi kitu kinanipanda kooni. Nikakiita huruma.

Akatueleza kwamba daktari alimuuliza maswali mengi. Tumbo limewahi kukuchoma? Una mimba? Umewahi kuvimba miguu, mkojo unatoka vizuri? Kuna dawa nyingine unayomeza? Akamwambia asimeze kabla ya kula, kwa hiyo asifunge, maana Ramadhani ilikuwa imekwisha kuingia, na arudi baada ya wiki mbili aonekane. Mimi katika yote hayo nilisikia moja tu, kwamba mwenzangu atakula mchana.

Kesho yake nikaanza kuchechemea. Usidhani nilizua yote. Magoti yangu yalikuwa yanauma, kama yanavyouma ya kila mwanamke aliyebeba kuni miaka ishirini. Ila siku hiyo yaliuma kwa bidii. Nilichechemea mguu wa kulia mpaka adhuhuri, nikasahau, jioni nikachechemea wa kushoto. Baba yako akaniuliza ni upi hasa. Nikamwambia maumivu yana zamu, kama yeye.

Tulipokwisha kufuturu nikamwita mbele ya Rukia. "Baba Zaina," nikamwambia, "mwenzangu ana dawa, mimi sina. Hiyo ndiyo haki?"

Akasema dawa ile ameandikiwa Rukia, jina lake liko juu ya bahasha. Nikamwambia hata kanga zina maandishi, na huwa anazigawa. Nikaongeza na ya mkutanoni: kwamba katika kijiji hiki tumekatazwa kuwa na mabepari, sasa yeye anafuga bepari wa vidonge nyumbani kwake. Nilikuwa najua kusema enzi zile. Baba yako alikuwa anaogopa vitu viwili, kuitwa dhalimu na kuitwa bepari, nami nilimpiga kwa vyote viwili usiku mmoja.

Rukia akaniambia taratibu, "Dada, daktari aliniuliza mimi. Wewe hajakuuliza."

Nikamjibu kwamba wapo watu wa kuulizwa na wapo watu wa kuelewa.

Basi baba yako akatandika mkeka, akamwaga vile vidonge, akaanza: kimoja kwako, kimoja kwake, kimoja kwako, kimoja kwake. Kikabaki kimoja kisicho na mwenzake. Akakishika, akanitazama, nami sikupepesa. Akakifungua kile kidonge, unga akaugawa kwenye vijiko viwili. Ndivyo alivyo mume wangu. Ungemwambia agawe mbu, angegawa.

Bahasha ikabaki kwa Rukia, kwa sababu ina jina lake. Mimi vyangu nikavifunga kwenye pindo la kanga. Nimelifikiria sana jambo hilo baadaye. Nilichukua nusu ya dawa, na maneno yake yote nikamwachia yeye.

Na sikiliza ujinga wa mama yako. Nilikuwa nafunga. Adhana ya magharibi ikilia, kabla ya tende, kabla ya uji, nilimeza viwili kwa maji, kwa sababu niliona nikila kwanza dawa itazama kwenye uji isifike magotini. Daku sikuwa nakula, nilijisifu kwamba naweza kufunga kwa maji matupu. Nikameza kimoja na maji yangu, nikalala. Kichwa kikiwa kimeuma kwa njaa mchana, usiku nikaongeza aspirini mbili za dukani. Nilijiambia nyeupe ni za kichwa, za rangi ni za magoti, kila moja inajua njia yake. Na tumbo langu hili ninalolisifu, Zaina, lilikuwa linanichoma tangu sijakuzaa. Nilikuwa nalamba majivu kidogo linatulia, na sikumwambia mtu.

Magoti yakapona. Nasema kweli, yalipona kama yamepakwa mafuta. Siku ya tatu nililima mistari miwili mtu akilima mmoja. Nikampita Rukia kisimani nikiimba. Nilifurahi zaidi kumpita kuliko kupona.

Siku ya tano choo kikawa cheusi, cheusi cha lami, kinanata. Nikasema ni mnavu tuliokula. Siku ya sita, mbele ya kijiji kizima, katikati ya shamba, nikatapika kitu kama machicha ya kahawa, halafu damu, nikaanguka juu ya jembe langu. Ulikuwepo. Najua unaikumbuka picha ile kuliko mimi, maana mimi sikuiona.

Wakanipeleka Korogwe kwa trekta. Nyuma yangu wanawake wakaanza kuuliza uji wa jana ulipikwa na nani. Ilikuwa zamu ya Rukia. Mawifi zangu wakaja na midomo yao. Rukia akasema huenda ni vile vidonge, na hapo ndipo alipojimaliza, kwa sababu wakamuuliza mbona wewe umemeza hivyohivyo na uko mzima. Nani alikuwa na jibu katika kijiji kile? Tulikuwa tunajua kwamba sumu ni sumu kwa kila mtu na dawa ni dawa kwa kila mtu.

Hospitali wakaniwekea damu ya baba yako, labda ndiyo maana tangu hapo nimekuwa mkaidi zaidi. Nilipofumbua macho, daktari, kijana mwenye miwani, akaniuliza nimemeza dawa gani. Nikamwambia sijameza kitu. Nilikuwa nakaribia kufa, na bado niliona aibu kwamba nilinyang'anya. Muuguzi mmoja mtu mzima akafungua pindo la kanga yangu, akatoa vitatu vilivyobaki.

"Mama, hivi ni nini?"

"Mbegu za boga."

"Mbegu za boga siku hizi zina rangi mbili?"

Daktari hakucheka. Akakaa kitandani akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Dawa hizi za kuondoa uvimbe, akasema, zinapunguza moto kwenye kiungo, lakini zinaondoa pia ule utando unaolilinda tumbo. Mwenye kidonda tumboni anakuwa kama nyumba isiyo na paa. Aspirini ni ndugu yao wa damu. Ukizimeza pamoja umewaita wezi wawili nyumba moja. Choo cheusi ni damu inayotoka juu, mtu hangoji kesho. Akasema pia zinaweza kumharibia mtu figo, hasa asipokunywa maji, nami mchana kutwa nilikuwa juani bila tone. Angeniona kabla, akasema, asingenipa hata kimoja. Nikamwomba asimwambie mume wangu. Akavua miwani. "Mimi kazi yangu ni kukutibu," akasema. "Kusema ni kazi yako."

Nikarudi. Watu wamejipanga njiani. Shangazi yako mkubwa akaniuliza mbele ya wote, "Ni yeye?" Ilikuwa niseme neno moja tu, hapana. Nikainua macho juu nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Ni maneno matakatifu hayo, mwanangu. Mimi niliyatumia kama jiwe.

Rukia alikuwa amekwisha kurudishwa kwa kaka yake kule Mashewa. Akakaa huko miezi minne. Nami nikapata nilichokitaka, mume mzima, zamu zote zangu, kanga zote zangu. Unajua baba yako alifanya nini? Kila siku ya sukari alipima vikopo viwili. Cha pili alikifunga kwenye karatasi akakiweka juu darini. Nilikuwa nalala chini ya kile kifurushi nikikitazama, namwonea wivu mtu asiyekuwepo. Anayekaa kando yako unaweza kumpita kisimani. Asiyekuwepo utampita wapi?

Mwishowe baba yako akamfuata, akasema hakuna aliyethibitisha jambo. Rukia akarudi na mikono imekunjamana. Nusu ya dawa yake niliila mimi, nusu nyingine ilimwishia, na siku ya kurudi kwa daktari ilimkuta Mashewa, hana wa kumpeleka. Kile kidole chake kilichopinda, ambacho ninyi watoto mlikuwa mnakiiga mkicheka, hakikupindwa na Mungu.

Siku moja tunapukuchua mahindi, sisi wawili tu, akaniambia bila kuinua uso, "Dada, najua kilichokuangusha. Sitasema. Nakungoja wewe."

Miaka minane ananingoja. Hata kwa subira amenishinda, na hilo nalo linaniuma.

Siku hizi anameza dawa zake tena, zilezile. Anakula kwanza. Anakwenda Korogwe anaangaliwa, wakati mwingine wanampunguzia, mguu ukivimba anarudi kabla ya siku yake. Ndizo zinazomwezesha kusuka kile kikapu cha maandazi uliyowamwagia kuku. Kwa hiyo usije ukawaambia wagonjwa wako kwamba mama yangu alikaribia kuuawa na dawa. Dawa haikuwa na kosa. Mimi daktari alinipa vidonge vya namna nyingine, vya maumivu tu, nami naweka kitambaa cha maji ya moto magotini jioni, napumzika, naendelea kujisifu.

Wewe utasoma haya vitabuni na utayajua kuliko mimi, na hapo pia, nikisema kweli, nakuonea wivu kidogo. Ningepata vitabu mimi, leo ningekuwa daktari mkuu wa mkoa. Lakini kuna ambalo halimo vitabuni. Akija kwako mwanamke akasema hajameza kitu, tazama pindo la kanga yake. Usimwulize kwa sauti ya askari. Mwulize kama vile nawe umewahi kumeza cha mtu. Na ukimpa dawa, mwulize nyumbani kuna nani mwingine anayeumwa, maana huyo mwingine amekwisha kukiona hicho kidonge na roho yake imekwisha kukipenda. Mweleze huyo naye aje aulizwe maswali yake. Bahasha mfungie na dawa, visitengane.

Barua hii nitakupa ukirudi jioni, uisome kabla hujala. Chakula cha leo ni cha Rukia. Ukikaa kwenye mkeka mimi nitasema mbele ya baba yako yote niliyoandika hapa, kwa mdomo huu. Naogopa. Baba yako atapima makosa yangu kwa kikopo, na safari hii hatakipangusa. Pengine atampa Rukia zamu zangu za mwaka mzima. Mwache ampe.

Wewe nakuomba ule chakula chake. Usionje tu, ule ushibe. Na asubuhi kabla ya basi uende mlangoni kwake, umpe shikamoo ya kweli, umshike ule mkono wenye kidole kilichopinda, umwombe msamaha wa maandazi. Mengine ni yangu kumwomba. Atakukumbatia, najua, na nyote wawili mtalia, nami nitakuwa nimesimama uani na sanduku lako kichwani nikisema basi litakuacha. Usinijali. Mkumbatie sana tu.

Na yale ya mwanzo kuhusu bahati yangu, chuoni usiwaambie. Tumbo langu lina kovu la kidonda. Wivu nimeuona kila siku ya miaka yote kumi na mmoja, na hata sasa ninapoandika nauona. Nilikudanganya.

Mama yako